Spea za mtumba kutoka Kampala: dhana potofu na ukweli

"Kongo si iko Jumuiya? Ushuru wa nini tena?" Haipiti wiki bila mnunuzi wa Beni au Butembo kuniuliza hivyo, tena injini ikiwa imeshapakiwa. Katika kazi yangu ya uwakala wa forodha, hakuna dhana inayowatia watu hasara kama hii.

Ni kweli, Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na Sudan Kusini 2016. Lakini nafuu ya ushuru hufuata asili ya bidhaa, haifuati duka ulikonunua. Chai iliyolimwa Uganda ina asili ya Uganda. Injini ya 1KZ iliyong'olewa kwenye Prado huko Japani, ikashukia Mombasa, ikauzwa Kisekka, soko la spea la Kampala, bado ni ya Japani. Kuiosha, kuipiga rangi na kuifunga upya hakubadilishi kitu. Cheti cha uasilia, yaani hati ya kuthibitisha asili ya bidhaa, haitapata, na bila cheti hicho forodha ya Kasindi, mpakani upande wa Kongo, watakutoza. Risiti ya kodi iliyolipwa Uganda haifuti ya kule. Jamani, ulizeni ushuru wa kwenu kabla ya kutuma pesa! Na dalali anayekuambia "tutaongea nao mpakani", achana naye. Mzigo ukikwama simu yake haipatikani.

"Modeli ni ileile, spea itaingia." Si lazima. Uganda tunaendesha kushoto. Kongo, Rwanda, Burundi na Sudan Kusini ni kulia. Taa ya mbele iliyotengenezewa barabara za kushoto, hata ukiishusha, humulika juu zaidi upande wa kushoto, na kule huo ndio upande wa gari linalokuja. Unampofusha dereva mwenzako. Stelingi raki, kifaa kinachogeuza magurudumu ya mbele, nayo hutofautiana kufuata upande wa usukani. Nitumie namba ya chesisi na picha ya spea ya zamani.

"Injini isafiri na oili yake." Hapana. Mwaga oili na maji yote, ziba matundu, ifunge kwenye paleti ya mbao. Kisha andika HAINA OILI kwenye utepe, uuzungushe kwenye kifuniko cha oili, fundi wa kule asije akaiwasha kavu.

"Kwa ndege hakuna shida, ni vyuma tu." Eabegi, betri za haibridi na shokomzoba za gesi huhesabiwa bidhaa hatari. Zitaje kabla ya kufunga boksi.