Je, wajua kwa nini nyanya zilizoanikwa Dar es Salaam huota ukungu kabla ya kukauka?

Mwenye bustani ya nyanya uani kwake, iwe Kinyerezi au Kigamboni, huijua vyema wiki ile ambayo nyanya zote huiva kwa mpigo, majirani wamekwisha kugawiwa na friji imejaa. Ndipo hukatwa, hupangwa kwenye ungo na kuanikwa. Na siku ya tatu, licha ya jua lililowaka kutwa, zinakutwa zimeota ukungu mweupe na kutoa harufu ya uchachu. Lakini Dodoma, ambako mlenda hukaushwa juani ukaliwa hata kiangazi, nyanya kama hizo hukauka bila shida. Tofauti hiyo inatoka wapi, ilhali joto la Dar es Salaam halipungui lile la Dodoma?

Jibu limo hewani. Jua hupasha joto tu. Kinachoondoa maji ni hewa inayopita juu ya nyanya, nayo ina kikomo cha maji inayoweza kubeba. Dar es Salaam iko kando ya Bahari ya Hindi, na alfajiri hewa yake hukaribia kushiba kabisa, ndiyo maana nguo zilizosahauliwa kwenye kamba usiku huwa mbichimbichi asubuhi. Nyanya nayo si mzigo mwepesi: takribani asilimia 94 ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kilo 10 zikikauka sawasawa hubaki pungufu ya kilo moja, na zaidi ya kilo 9 za maji hazina budi kuchukuliwa na hewa ambayo tayari ina maji yake. Wakati huo kuvu, ambao mbegu zake huelea kila mahali, wamekwisha kupata majimaji yenye sukari na joto wanalolipenda. Usiku unapoingia, vipande vilivyoanza kukauka huvuta tena unyevu, na kazi ya mchana hupotea.

Kwa kuwa hatuwezi kuihamisha bahari, tunaibadilisha hewa kabla haijaifikia nyanya. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 70 ikipashwa hadi nyuzi 45 bila kuongezewa maji, unyevu wake hushuka hadi kiasi cha asilimia 31, kwa sababu hewa ya moto hubeba maji mengi zaidi. Hiyo ndiyo siri ya kaushio la jua, yaani sanduku lililofunikwa kwa nailoni angavu, lenye trei za wavu ndani, matundu chini ya kuingizia hewa na mengine juu ya kuitolea. Nimeona watu wakiyaziba matundu hayo wakidhani wanatunza joto. Kwa kweli wanazipika nyanya kwa mvuke wake zenyewe.

Namna ya kukata nayo ina sababu. Ngozi ya nyanya ina utando wa nta unaozuia maji kutoka, hivyo nyanya nzima inaweza kuoza kabla ya kukauka, na vipande hupangwa ngozi ikiwa chini, nyama ikitazama juu. Nyanya ndefu zenye nyama nene, kama Rio Grande, hufaa kuliko zile za mviringo zilizojaa majimaji na mbegu. Chumvi kidogo ikinyunyizwa huvuta maji nje na kuwadhoofisha vijidudu. Joto likizidi mno mwanzoni, hata hivyo, uso wa kipande hukakamaa na kuyafungia maji ndani.

Miezi ya Juni hadi Septemba, masika yakiwa yamepita, ndiyo mizuri kwa kazi hii. Wakati wa mvua ni afadhali kutumia oveni yenye moto mdogo, mlango ukiachwa wazi kidogo ili mvuke utoke, ingawa gharama ya umeme itauma.

Kipande kilichokauka hupindika kama ngozi bila kutoa maji kikibanwa. Vipande vikishapoa hutiwa kwenye chupa kavu yenye mfuniko wa kubana, na kwa wiki moja chupa hutikiswa na kutazamwa kila siku: matone yakionekana kwenye kioo, vyote hurudishwa kaushioni siku hiyohiyo. Wanaopenda kuviloweka katika mafuta na vitunguu saumu waviweke kwenye friji na kuvila ndani ya siku chache, kwani bakteria wa sumu ya botulini hustawi pasipo na hewa.