Tanga kwa miguu: chagua saa kabla ya kuchagua mtaa

Wageni wengi wanaonijia wakitaka kuizunguka Tanga kwa miguu huomba ramani yenye alama: hapa pa kula, hapa pa kununua, hapa pa kupiga picha. Kazi yangu ni mipango miji, ramani ninazo za kutosha, na bado siwapi. Baraza ya nyumba ambayo saa moja asubuhi ina mama wa vitumbua, saa tano utamkuta fundi cherehani, na baada ya magharibi pamekwisha kuwa pa mishikaki. Alama moja ya ramani itakudanganya mara tatu kwa siku. Ndiyo maana mtu akiniuliza aanzie wapi, namuuliza kwanza anaamka saa ngapi, na mwezi uko wapi.

Swali la mwezi huwachekesha watu wa bara, ila muulize mvuvi yeyote wa hapa. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi ni taa za betri na sola, lakini ujanja ni uleule: samaki afuate mwanga. Mbalamwezi ikiwa angani mwanga umetapakaa bahari nzima, taa ya chombo haina cha kuvutia, na vyombo vingi hupumzika. Kwa hiyo ukitaka kuona dagaa kwa wingi, njoo siku za giza. Pweza naye ana kalenda yake. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari huingia bamvua: maji hujaa sana na kupwa sana, na kupwa kwenyewe mwambao huu huangukia saa nne za asubuhi, zaidi au pungufu kidogo. Miamba hubaki wazi, watu huingia na vijiti kuchokoa mashimo. Pweza huyo atafika nchi kavu mchana na kwenye sufuria ya supu jioni. Ukija wakati wa maji mafu, yaani siku ambazo bahari haijai wala haipwi sana, ukalalamika kwamba supu ya pweza imepanda bei, mwenye sufuria hana kosa.

Mimi huanzia Deep Sea, kwenye mwalo na soko la samaki, jua likiwa bado chini. Usifike saa tatu ukategemea kuona mambo, utakuta wanaosha sakafu. Mnada ukiwa umechanganya, simama pembeni, usizuie njia ya wabeba matenga, na sikiliza kwanza. Dalali hataji bei mara mbili kwa ajili ya mgeni. Samaki wakubwa, nguru, jodari na kolekole, hunadiwa mmoja mmoja. Vibua na tasi huenda kwa fungu. Wanunuzi wakuu ni wachuuzi wenye baiskeli, na kina mama wa kukaanga ambao wameshapiga hesabu ya mafuta na kuni kabla dalali hajafungua mdomo.

Kama unataka kununua, usinunue kwa macho ya samaki peke yake.

"Mgosi, huyu wa alfajiri hii, mtazame jicho."

"Jicho nimeliona, kaka. Nifunulie matamvua."

Matamvua, yale mashavu anayopumulia samaki, yawe mekundu na yenye ute, si ya kahawia. Kisha bonyeza mgongo kwa kidole: nyama irudi juu yenyewe. Kuna kipimo cha tatu ambacho watu wa hapa wamejifunza kwa uchungu, kwa sababu uvuvi wa baruti uliwahi kuusumbua sana mwambao huu. Samaki aliyepigwa baruti kwa nje anaweza kuwa mzuri kabisa, ila ukimpasua unakuta damu imevilia ndani, uti wa mgongo umekatika, na nyama imeachana na mifupa kabla ya kupikwa. Mama mmoja wa kukaanga huwa anamshika samaki mkiani na kumnyanyua. Akilegea kama kitambaa, anamrudisha bila neno. Nimemwona akifanya hivyo mbele ya muuzaji mwenye maneno mengi, na muuzaji hakubisha.

Bahari hii pia ndiyo ya silikanti, samaki ambaye wataalamu waliamini ametoweka duniani tangu enzi za dinosaria mpaka alipoonekana Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Tanga walianza kumnasa kwenye nyavu za kina kirefu miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa ajili yake. Sokoni usimuulizie. Haliwi kwa raha na anayemnasa anajitafutia maelezo mengi.

Kutoka hapo unapanda mjini kabla jua halijakolea. Sehemu ya majengo ya zamani nitaipita haraka, maana ndiyo kila kitabu cha wageni kinachoieleza: Boma la Wajerumani lenye makumbusho ya Urithi, mnara wa saa, Bustani ya Jamhuri inayotazama bandari, maktaba iliyojengwa miaka ya 1950. Zione, hasa maktaba, kwa namna uwazi wake wa katikati unavyovuta upepo bila feni. Lakini usikae mpaka saa tano ukipiga picha madirisha, kwani huo ndio wakati wa kuvuka reli.

Reli ndiyo iliyoupasua mji huu. Ilianza kujengwa hapa mwaka 1893, ya kwanza katika nchi yote ambayo sasa ni Tanzania Bara, na ilipofika Moshi mwaka 1911 Tanga ilikuwa imeshakuwa mji wa aina nyingine. Upande wa bahari walikaa watawala na maduka makubwa, upande wa pili ikapangwa Ngamiani, mitaa imenyooshwa kwa rula na kupewa namba: barabara ya tano, ya nane, ya kumi na mbili. Wanafunzi wa mipango miji hufundishwa kwamba mpangilio wa namna hiyo ni wa kutawala, watu wahesabike na waonekane kwa urahisi. Ni kweli. Ila nyumba zilizojengwa juu ya viwanja hivyo zilikuwa za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma, na baraza mbele. Mkoloni alichora barabara, wenyeji wakaitandika baraza pembeni yake, na maisha yakahamia pale.

Hapa ndipo nataka utembee polepole. Chukua barabara yoyote inayokwenda kaskazini na kusini. Asubuhi kivuli kiko kwa nyumba za upande wa mashariki, na wauzaji wote wako huko: vitumbua, bagia, mihogo, uji wa pilipili manga. Saa sita kivuli kinatoweka na barabara inakuwa tupu, mgeni akadhani mji umelala. Alasiri kivuli kinazaliwa upande wa magharibi, na meza zinavuka barabara kukifuata. Hakuna ofisi iliyowapangia. Nimewahi kukaa kwenye mikutano ya kuwatafutia wafanyabiashara wadogo "eneo rasmi", na eneo linalopendekezwa karibu kila mara ni uwanja mpana usio na mti. Halafu watu wanashangaa kwa nini wiki mbili baadaye meza zimerudi barazani.

Ufundi nao uko kwenye baraza hizohizo. Mafundi cherehani hukaa nje kwa sababu ndani hakuna mwanga wa kutunga uzi. Utaona anayedarizi kofia, kitambaa kimekaza gotini na sindano ikitoboa vitundu vidogo kimoja kimoja. Kofia moja ya kazi nzuri huchukua wiki nyingi, kwa hiyo ukitajiwa bei usigune. Uani, ukikaribishwa, utakuta ukili wa mkeka ukisukwa: ukindu umechanwa, umechemshwa na rangi, kisha unasukwa utepe mrefu ambao baadaye hushonwa pamoja. Piga hodi na usubiri kuitikiwa. Ukimkuta bibi, shikamoo kwanza na habari ya watoto, kamera baadaye, na pengine kamera isiwepo kabisa.

Watu huniuliza kwa nini mji wa ukubwa huu ulitoa muziki mwingi kiasi kile. Jibu langu ni mkonge. Mwaka 1893, mwaka uleule wa reli, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, aliagiza miche ya mkonge, na iliyofika hai mkoani huku ilikuwa 62 tu. Kutoka miche hiyo yakaja mashamba yaliyoifanya Tanganyika mzalishaji mkubwa kabisa wa katani duniani, na mashamba yale yalihitaji mikono. Wakaja Wanyamwezi, Wamakonde, Waha na wengine wengi, wakachanganyika na Wadigo, Wabondei na Wasambaa. Mshahara ukitoka, mtu anataka ngoma. Jamhuri Jazz, bendi iliyovuma nchi nzima, mwanzoni ilibeba jina la Wanyamwezi, na hapohapo mjini ilikuwa ikishindana na Atomic Jazz.

Taarabu nayo ilibadilika hapa miaka ya 1960. Unguja taarabu ilikuwa na safu nzima ya fidla, watu wameketi kwa adabu. Tanga vikundi vilikuwa vidogo, vikaingiza magitaa ya umeme na mapigo ya kuchezeka, na wanawake wakasimama mbele ya kipaza sauti. Black Star ndiyo iliyofungua njia, Lucky Star ikazaliwa kutokana nayo, na mwimbaji Bi Shakila, mzaliwa wa Pangani, alianza kung'ara humo. Usitegemee kukuta kibao kinachosema haya. Ngamiani ukitaka kuyasikia, kaa na wazee wanaocheza bao baada ya alasiri, taja jina la bendi moja, kisha nyamaza. Watabishana wenyewe nani alitoka kwa nani na kwa nini.

Masoko ya ndani, la Ngamiani na la Mgandini, nayasoma kama orodha ya barabara zinazoingia Tanga. Kabichi, karoti, plamu na pichisi zimeshuka kutoka Lushoto. Machungwa ni ya Muheza, na msimu wake ukifika yanamwagwa chini kwa malundo mpaka huoni pa kukanyaga. Iliki, mdalasini na pilipili manga vimetoka kwenye milima ya Amani. Nazi zimetoka Pangani. Kuku na mbuzi wametoka upande wa Handeni. Masika yakikata barabara ya milimani, kwenye meza utaliona pengo la mboga kabla hujalisikia redioni. Nunua viungo vizima, si vya unga. Iliki ibonyeze, ganda liwe la kijani na mbegu ndani ziwe nyeusi zenye kunata. Iliyopauka imeshakaa sana juani.

Kuhusu kula, nina upendeleo na siuombei radhi. Chipsi utazipata kila mji. Hapa tafuta bada, ugali wa muhogo, kwa mchuzi wa papa uliokolea tui na ukwaju. Na tafuta mkate wa mofa. Simama pale unapookwa, usiridhike na uliofungwa kwenye gazeti. Tanuri ni la udongo, limepanda kama mtungi mkubwa ulio wazi juu, moto uko chini. Mpishi analowesha mkono, anachukua donge, analikanda kiganjani liwe duara, anazamisha mkono wote hadi kwenye kwapa na kulibandika ukutani mwa tanuri. Mkono unatoka kabla hujamaliza kuogopa kwa niaba yake. Mkate ukiiva unaanza kuachia kingo, naye anaudaka kwa chuma kirefu. Ukichelewa kuuchukua unadondokea kwenye majivu, hasara ni ya mpishi. Mofa ya mtama ndiyo ya asili na ni ngumu kidogo ya kutafuna, uile ikiwa moto, na samaki wa kukaanga aliyekamuliwa ndimu.

Kuanzia saa saba hadi saa tisa mchana usitembee. Lala, au soma kivulini. Ukiwa na hamu ya kitu cha hapa, soma Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, nje kidogo ya mji, mwaka 1909. Sisi wa fani ya ardhi tuna sababu ya ziada ya kumdai kuwa wetu: miaka ya 1950 alikuwa karani katika ofisi ya upimaji hapahapa Tanga, siku nzima makaratasi ya viwanja, jioni tenzi.

Alasiri toka tena, meza zimeshavuka barabara. Baiskeli zitakuwa nyingi, na Tanga wanawake huziendesha bila mtu kugeuza shingo, mkaja wa kanga umebanwa vizuri na mtoto nyuma. Muuza kahawa utamsikia kabla ya kumwona, anagonganisha vikombe. Kaa, agiza na kashata, na usiondoke baada ya kikombe kimoja kana kwamba uko stendi.

Ukija Ramadhani, yote niliyosema yageuze. Mchana usitafute chakula mitaani na usile hadharani. Karibu na magharibi baraza zile tupu zinajaa tende, sambusa, mikate ya kumimina, tambi na supu, na watu wananunua kwa haraka kwa sababu adhana haisubiri mtu. Hapo usizurure katikati yao, nunua chako upishe njia. Matembezi yenyewe yaanze baada ya tarawehe, na yanaweza kukufikisha kwenye daku.