Kabla ya kusaini ED, zungumzeni hela kwanza

Kila Septemba vijana huniuliza: "Mwalimu, niombe ED? Wanasema ni rahisi kupata." Nami huwauliza kwanza nyumbani wataweza kulipa kiasi gani kwa mwaka. Wengi hawajui.

ED, yaani Early Decision ya vyuo vya Marekani, ni ahadi inayokufunga. Unachagua chuo kimoja, unaomba mwanzoni au katikati ya Novemba, na jibu hutoka Desemba. Ukikubaliwa, unafuta maombi yako kwingine kote. Fomu yake kwenye Common App (tovuti ya kuomba vyuo vingi kwa fomu moja) husainiwa na mwanafunzi, mzazi au mlezi, na mshauri wa shule. Wazazi wengine huisaini kama karatasi ya ruhusa ya safari ya shule. Hawatakuburuza mahakamani ukiivunja, ila chuo kinaweza kukunyang'anya nafasi, na jina la shule likachafuka kwa wadogo zako wanaokuja.

Mlango wa kutokea upo: msaada wa fedha usipotosha, unaachiliwa. Tatizo ni kwamba hesabu ya kwanza ni ya chuo, si yako. Tuseme wamekupangia familia itoe dola 15,000. Kwa Mtanzania hiyo ni zaidi ya shilingi milioni 35, kila mwaka, kwa miaka minne. Unaomba wakufikirie upya, wanakataa, unajitoa. Lakini sasa ni mwisho wa Desemba, maombi ya kawaida ya vyuo vingi yanafungwa mwanzoni mwa Januari, shule imefungwa na mshauri yuko kijijini. Na huna barua ya chuo kingine ya kulinganisha nayo.

Kuna jambo jingine wanaosifia ED hawalitaji. Vyuo vingi, mwombaji wa nje akiomba msaada, huo uhitaji wenyewe hupimwa katika kumkubali au kumkataa. Vichache havifanyi hivyo, na kati ya hivyo Harvard, Yale, Princeton na MIT havina ED kabisa. Amherst, Bowdoin na Dartmouth vinayo, na vinaahidi kuziba pengo lote kati ya gharama na uwezo wa familia. Kwa mtoto asiye na mfadhili, ED naikubali kwenye vyuo vya namna hiyo tu, tena baada ya wazazi kukaa na kutaja kiwango chao.

Mtahiniwa wa KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari Kenya) Novemba yuko kwenye mtihani, kwa hiyo asijisumbue na tarehe hiyo. Baadhi ya vyuo vina ED II: maombi Januari, majibu Februari, masharti yaleyale.