Kutunza Punje za Kahawa Nyumbani Baada ya Kufungua Pakiti

Kila tunapokaribia Siku ya Kahawa Duniani, ambayo huadhimishwa tarehe 1 Oktoba tangu mwaka 2015, maabara yetu ya kuonja kahawa hupokea wageni wengi kuliko kawaida, na safari hii wengi wao wamekuja na lalamiko la aina moja: kahawa waliyoinunua ikiwa na harufu nzuri imepoa ladha, au imekuwa na ukakasi wa mafuta yaliyochacha, kabla hata tarehe iliyoandikwa kwenye pakiti haijafika. Tunawashukuru kwa kufuatilia, kwa sababu juhudi za kuwahamasisha Watanzania wanywe kahawa inayolimwa kwao haziwezi kufika mbali iwapo mnywaji hana imani na anachokinunua. Hata hivyo, baada ya kuonja sampuli zilizoletwa, tunalazimika kusema wazi kwamba sehemu kubwa ya kahawa hiyo iliondoka dukani ikiwa salama na ikaharibikia jikoni.

Mama mmoja mkazi wa Dar es Salaam alituletea punje za kahawa aina ya arabika kutoka Mbinga zikiwa ndani ya chupa ya kioo iliyowahi kuwa ya siagi ya karanga. Punje zilizokaangwa kwa kiasi cha kati, kama zile, zikiwa mpya huwa kavu usoni. Zake zilikuwa ziking'aa, na upande wa ndani wa kioo ulikuwa na utando mwembamba wa kahawia ambao kidole kikipita kinaacha njia. Kifuniko kilipofunguliwa, harufu iliyotangulia ilikuwa ya karanga za zamani, ikafuatiwa na ya kitunguu, na ya kahawa ikaja mwisho kwa mbali. Chupa hiyo ilikuwa ikikaa juu ya friji, kando ya jiko la gesi, ikitazamana na dirisha.

Kahawa ghafi huingia kwenye kikaango ikiwa na unyevu wa takriban asilimia 11 au 12, na hutoka ikiwa na asilimia 1 hadi 3 tu. Punje iliyokauka kiasi hicho hunyonya unyevu na harufu ya chochote kilicho jirani yake. Ndani yake yamo mafuta, ambayo kwa arabika hufikia takriban asilimia 15 ya uzito na kwa aina ya robusta takriban asilimia 10, na imo pia hewa ya ukaa iliyozalishwa na moto wa kukaangia. Hewa hiyo hutoka kwa wingi katika siku ya kwanza, kisha huendelea kutoka polepole kwa wiki kadhaa, na kadiri inavyotoka ndivyo inavyoisukuma oksijeni isiingie. Ikishapungua, oksijeni hupata nafasi ya kuyafikia mafuta, nayo huanza kuchacha. Joto huharakisha kazi hiyo, kwani kwa kanuni ya jumla kila nyuzi joto 10 zinazoongezeka hukaribia kuifanya kasi kuwa maradufu. Ndiyo sababu pakiti inayotunzika vizuri Lushoto au Marangu haivumilii muda huohuo Tanga, Unguja au Dar es Salaam, hasa katika miezi ya Januari hadi Machi.

Chombo kinachofaa ni kile kisichopitisha hewa wala mwanga, kisicho na harufu ya kitu kingine, na chenye ukubwa unaolingana na kahawa iliyomo, kwa maana kopo la lita mbili lenye viganja viwili vya punje ni kopo lililojaa hewa. Mara nyingi pakiti yenyewe ndiyo chombo bora. Kile kitundu kidogo cha plastiki kilichoko mbele ya pakiti, ambacho wengi hudhani kimewekwa kwa ajili ya kunusia, ni valvu inayoruhusu hewa ya ukaa itoke bila kuiruhusu hewa ya nje iingie. Kwa hiyo kukitoboa kwa sindano, jambo tulilolikuta zaidi ya mara moja, ni kuiharibu pakiti nzima. Ukishachota, kamua hewa iliyobaki, kunja mdomo wa pakiti mara mbili au tatu, ubane kwa kibanio, kisha uiweke ndani ya kopo la bati katika kabati lililo mbali na jiko.

Ukubwa wa pakiti nao unahusika. Mtu mmoja anayekunywa kikombe kimoja kwa siku hutumia takriban gramu 10, hivyo pakiti ya gramu 250 humtosha kwa siku 25, muda ambao punje zilizofungwa vizuri huwa bado zina ladha yake. Akinunua kilo nzima kwa kuwa bei imepungua kidogo, gramu za mwisho atazinywa baada ya zaidi ya miezi mitatu. Kusaga ni jambo jingine: unga wa kahawa hupoteza sehemu kubwa ya hewa yake ndani ya dakika chache, na harufu huondoka nayo. Wazee wa pwani waliotwanga kwa kinu na mchi kiasi cha kutosha dele la jioni hiyo walikuwa wakifanya sawasawa na tunavyoshauri leo. Anayetaka kuhakikisha kama punje zake bado ni mpya anaweza kuweka kiganja kimoja katika mfuko mdogo wa plastiki, akautoa hewa yote, akaufunga na kuuacha usiku kucha. Ukituna asubuhi, punje bado zinatoa hewa, na ukibaki umesinyaa, zimeshachoka.

Kuhusu friji, tunaomba tusikilizwe, kwa sababu jambo hili tumelieleza mara nyingi na bado linarudi. Friji ya nyumbani ni mahali pa unyevu na pa harufu za mboga, samaki na viporo, na pakiti inayotolewa na kurudishwa kila asubuhi hutokwa jasho kama chupa ya soda iliyowekwa mezani, jasho ambalo huishia kwenye punje. Kugandisha ni suala tofauti, na kunafaa kwa masharti: gawa kahawa katika mafungu ya wiki moja moja, funga kila fungu bila hewa, litoe mara moja tu, na usilifungue mpaka lifikie joto la chumba. Pale ambapo umeme hukatika kwa saa nyingi, njia hii hatuishauri kabisa.

Vilevile, kukaanga upya kahawa iliyopoa hakurudishi chochote, kwa kuwa harufu iliyokwishatoka haimo tena ndani ya punje; kinachopatikana ni uchungu wa kuungua. Kumimina punje mpya juu ya masalia ya zamani pia ni kosa, kwani mafuta yaliyochacha yaliyoganda kwenye kuta za chombo huambukiza harufu yake kwa zile mpya. Kopo lioshwe kwa maji moto na sabuni isiyo na manukato, likaushwe kabisa, ndipo lijazwe.

Ndugu wanaoletewa kahawa ghafi kutoka Kagera au Kilimanjaro wana nafuu ya muda, kwa sababu kahawa ghafi hukaa miezi mingi, lakini wana wajibu mkubwa zaidi. Shirika la Kimataifa la Kahawa limeweka kiwango cha unyevu kati ya asilimia 8 na 12.5. Ikizidi hapo, kuvu huota, na baadhi ya kuvu hutoa sumu iitwayo okratoksini A, ambayo moto wa kikaango huipunguza bila kuimaliza. Gunia likae juu ya mbao, lisiguse sakafu wala ukuta, na punje zenye ukungu au harufu ya uvundo zisikaangwe, hata kama zimepepetwa na kuoshwa.

Tarehe ya mwisho wa matumizi imewekwa kwa kuzingatia pakiti iliyofungwa na kutunzwa kama lebo inavyoelekeza. Haihusu pakiti iliyokwisha kufunguliwa. Tunalisisitiza hili kwa sababu wapo wanaoisoma kama dhamana. Kubadilisha tarehe hiyo, au kufungasha upya kahawa iliyokwisha muda, ni suala zito: tangu tarehe 1 Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, na mfanyabiashara atakayebainika anaweza kukabiliwa na faini, kifungo, kufungiwa eneo lake na bidhaa kuteketezwa kwa gharama zake.

Mlalamikaji anapaswa kuleta pakiti halisi yenye namba ya toleo inayosomeka, risiti, na kahawa isiyopungua gramu 100. Sampuli hugawanywa mbele yake katika sehemu mbili, moja ikafungwa kwa lakiri na kuhifadhiwa. Ile nyingine huonjwa katika vikombe vitano, kila kimoja kikiwa na gramu 8.25 za unga kwa mililita 150 za maji ya nyuzi joto takriban 93, na tabaka la unga linaloelea juu huvunjwa kwa kijiko baada ya dakika nne. Kahawa iliyohamishiwa kwenye chombo kingine tutaionja na kumweleza mwenyewe hali yake, lakini haiwezi kuwa kielelezo dhidi ya mzalishaji. Kwa chupa ile ya siagi ya karanga, mwenyewe alikuwa bado na risiti, na lebo alikuwa ameikata na kuihifadhi, hivyo tulinunua pakiti ya toleo lilelile katika duka lilelile na kuionja siku hiyohiyo. Vikombe vyote vitano vilikuwa safi.