Kuvua vifaa vya kuzamia ukiwa chini ya maji

Ukisema pale Deep Sea, soko la samaki la Tanga, kwamba unakwenda kuvua chini ya maji, utaulizwa unatumia mshipi au jarife. Kwa mzamiaji wa mtungi neno hilo ni kinyume cha kuvaa. Maana yake ni kulitoa mgongoni jaketi la kuelea, pamoja na mtungi uliofungwa nyuma yake, kisha kulivaa tena bila kupanda juu. Kipumulio hakitoki mdomoni hata mara moja. Mzigo unahama tu kutoka mgongoni kuja kifuani, nawe unabaki umeunganishwa nao kwa mpira wa hewa usiofika urefu wa mita moja. (Na humo mtungini ni hewa hii hii ya kawaida iliyoshindiliwa, si oksijeni kama watu wanavyopenda kusema.)

Sababu kubwa ya kujifunza jambo hili huku kwetu ni nyavu. Vipande vya jarife hubaki vimenasa kwenye miamba, jarife za aina ile ile zilizokuwa zikimkamata silikanti, samaki aliyeifanya Tanga ipate hifadhi yake ya bahari mwaka 2009. Uzi wa nailoni hauonekani vizuri majini, na mahali unapopenda kushika ni koki ya mtungi, nyuma ya kisogo, ambako mkono haufiki. Hata hivyo kuvua jaketi ni hatua ya mwisho. Kwanza simama, rudi nyuma kidogo, mwache mwenzako akunasue au akate uzi kwa kisu. Anayejipindua hujiviringisha zaidi.

Sababu ya pili ni mtungi kuteleza kutoka kwenye mkanda wake. Mkanda huo ukilowa hulegea, kwa hiyo ulowanishe kwanza ndipo uukaze. Ukiukaza mkavu, utakuponyoka baharini.

Kabla ya kufungua chochote, jiulize risasi, yaani vipande vya madini vizito vinavyokusaidia kuzama, ziko wapi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Kama risasi umezifunga kiunoni kwa mkanda wake, mwili unabaki chini na jaketi ni jepesi kulishika. Kama zimo kwenye mifuko ya jaketi, ukilivua umejitenga na uzito wako wote: jaketi linazama, wewe na suti yako ya raba mnaelea, miguu inakwenda juu na kipumulio kinavutwa mdomoni. Hapo jaketi likumbatiwe, lisisukumwe mbali hata kwa urefu wa mkono.

Mtungi nao hubadilika. Ule wa alumini wa lita 11, ukijazwa hadi baa 200, una hewa ya kilo 2.6 hivi. Mwanzo wa mbizi unazama. Hewa ikikaribia kwisha unataka kuelea. Zoezi lililokuwa rahisi asubuhi na mtungi uliojaa linaweza kukushinda na mtungi ule ule ulioisha.

Zoezi lenyewe lifanyike kwenye mchanga, mita 3 hadi 5, wakati wa maji mafu. Bamvua ina mkondo mkali. Angalia samaki taa asiwe amejifukia hapo. Piga magoti, toa hewa yote iliyomo kwenye jaketi. Fungua ukanda wa kifua, wa tumbo, kisha legeza wa bega la kushoto. Toa mkono wa kushoto, zungusha mzigo kwa nyuma upite chini ya kwapa la kulia mpaka uje mbele. Mkono wa kulia ndio wa mwisho kutoka na wa kwanza kurudi, kwa sababu mpira wa kipumulio unapita juu ya bega la kulia. Ukianza na huo, mzigo utakwenda kushoto na kipumulio kitaufuata.

Muda wote pumua. Ukipanda bila kutaka kutoka mita 10 hadi juu huku umebana pumzi, hewa mapafuni hutaka kuwa mara mbili ya ilivyokuwa, na mapafu huweza kupasuka. Hata mita chache si za kuchezea.

Wakati wa kuvaa, ingiza mkono wa kulia mpaka ukanda ufike begani, zungusha mzigo mgongoni, kisha ingiza wa kushoto. Inama mbele mtungi ulale juu ya mgongo. Mikono yote miwili itakuwa huru kufunga mikanda. Makosa yanayojirudia ni matatu. Mkono wa kulia hupita upande usio wake wa mpira wa kipumulio, mpira ukaishia chini ya kwapa na kuvuta kichwa kila ukigeuka. Ukanda wa tumbo hukunjika ukabaki kati ya mgongo na jaketi. Usiubane kwa nguvu, toa mkono mmoja uanze upya.

La tatu halileti usumbufu wowote siku hiyo, ndiyo maana hupita bila kuonekana: ncha ya mkanda wa risasi kufunikwa na ukanda wa jaketi. Ipapase kwa mkono wa kulia kabla ya kumpa mwenzako ishara ya sawa, kwani ikibanwa hapo, siku utakayotaka kuzitupa risasi hazitadondoka.