Je, wajua kwamba unaweza kushtaki upelelezi usiouona?

Nyumba ya mawe ya Lamu hujengwa kwa hadhari. Ukipita daka, yaani kile kibaraza cha mlangoni, njia hukata kona kabla ya kufika uani. Kona ile ina kazi yake: mpita njia asione ndani hata mlango ukiachwa wazi. Wageni wengi huishia dakani. Anayetaka kuingia hupiga hodi, na akipiga mara tatu bila kuitikiwa, hurudi alikotoka.

Sasa mfikirie mtu aliyekaa kwenye baraza ya ng'ambo tangu asubuhi. Kamwona mkunga akiingia. Alasiri kamwona kijana wa duka la dawa na mfuko mkononi. Baada ya magharibi kaingia shehe, na taa hazikuzimwa hadi usiku mkubwa. Hakusikia hata neno moja lililosemwa ndani, lakini habari ya nyumba ile anayo.

Kumbukumbu za simu hufanya kazi hiyohiyo. Kampuni ya simu huhifadhi nambari uliyopiga, saa, muda mliozungumza, na mnara uliobeba mazungumzo. Ukitoka Shela, ukapanda boti hadi Mokowe, minara huweza kuonyesha safari yako. Ndiyo maana nasikitika kila nikisikia mtu akisema, "Acha wachukue, si hawasikii ninachosema." Ukijua nani kampigia daktari gani mara ngapi kwa wiki, ya kusikiliza yamebaki machache.

Tofauti ni kwamba yule wa barazani unamwona. Anayekusanya kumbukumbu za simu humwoni. Basi utamshtakije?

Swali hili liliwakwamisha hata watu wenye mawakili hodari. Marekani, shirika la Amnesty International pamoja na mawakili na waandishi wa habari walipinga sheria iliyoruhusu serikali kunasa mawasiliano ya wageni walio ng'ambo, kwa kuwa wao huzungumza na watu hao kila siku. Februari 2013, Mahakama ya Juu iliwafungia mlango kwa kura 5 dhidi ya 4: hamwezi kuthibitisha kwamba ni nyinyi mnaonaswa. Na wangethibitishaje, ikiwa orodha ni siri ya serikali?

Juni mwaka huohuo, Edward Snowden, aliyewahi kufanyia kazi idara ya ujasusi ya Marekani, akatoa nyaraka zake za siri. Mojawapo ilikuwa amri ya mahakama ya siri iliyoitaka kampuni ya Verizon kukabidhi kila siku kumbukumbu za simu za wateja wake. Shirika la kutetea haki la ACLU lilikuwa mteja wa Verizon, likashtaki, na Mei 2015 mahakama ya rufaa ya New York ikaamua kwamba ukusanyaji ule ulivuka mipaka ya sheria. Ilibidi siri ivuje kwanza ndipo mlango ufunguke.

Afrika Kusini, mwandishi Sam Sole alijua kwamba simu yake ilisikilizwa baada ya mazungumzo yake na mwendesha mashtaka kujitokeza katika karatasi za kesi nyingine. Sheria ilikataza mtu kuambiwa, hata baada ya upelelezi kwisha. Tarehe 4 Februari 2021, Mahakama ya Katiba ilikataa siri hiyo ya milele. Ikaelekeza kwamba aliyechunguzwa aarifiwe ndani ya siku 90 baada ya kibali kumalizika, isipokuwa jaji akiridhika kwamba kumwarifu kutaharibu kazi. Unasaji wa jumla, ule wa kuzoa mawasiliano ya watu wote kwa pamoja, ikasema hauna sheria inayouruhusu.

Kwetu Kenya, Katiba ya 2010 ina neno moja lenye uzito mkubwa. Kifungu cha 31 kinalinda faragha ya mawasiliano. Kifungu cha 22 kinampa mtu ruhusa ya kushtaki haki ikivunjwa au *ikitishiwa*, na anaweza kufanya hivyo kwa niaba ya umma. Huhitaji kungoja madhara yakufike.

Neno hilo lilipimwa mwaka 2017, Mamlaka ya Mawasiliano ilipotaka kuunganisha mtambo kwenye mitandao ya kampuni za simu. Ilisema shabaha ni simu bandia. Mwanaharakati Okiya Omtatah akaenda mahakamani kabla mtambo haujaanza kazi, na Aprili 2018 Jaji John Mativo akauzuia. Lakini mwaka 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua uamuzi huo: mashauriano yalikuwa hayajaisha, kesi imekuja mapema. Mahakama ya Juu nayo, mwaka 2023, haikuuokoa. Kwangu hili linauma, maana raia anaambiwa leo ni mapema, na kesho mtambo ukishawashwa ataambiwa athibitishe.

Wala sisemi serikali izibe masikio. Lamu tunaijua hofu. Juni 2014 mji wetu wa Mpeketoni ulivamiwa, ukazika watu zaidi ya 60. Mwisho wa mwaka huo ikapitishwa sheria ya usalama. Februari 2015 Mahakama Kuu ilifuta vipengele vyake vinane, ila ikakiacha kile kinachoruhusu vyombo vya usalama kunasa mawasiliano katika vita dhidi ya ugaidi. Idara ya Ujasusi nayo, kwa sheria yake ya 2012, hutakiwa kupata kibali cha jaji wa Mahakama Kuu. Hiyo ndiyo hodi ninayoitaka: mtu fulani, sababu fulani, na jaji wa kuitikia au kukataa.

Na kuna waliowahi mapema wakafaulu. Shirika la Nubian Rights Forum na wenzake walishtaki kuhusu Huduma Namba, mpango wa serikali ya Kenya wa kumsajili kila mtu na kumpa nambari moja, kabla usajili haujaenea nchini. Aprili 2019 majaji watatu waliruhusu usajili uendelee, ila wakazuia mambo mawili wasichukuliwe watu, na Januari 2020 wakayakataza kabisa. La kwanza ni DNA, yaani vinasaba. La pili ni alama za GPS za kuonyesha nyumba ya kila mtu ilipo.