Je, wajua kwa nini jumba la mfalme wa moto lingeua watu kabla lava haijaligusa?

Katika katuni, michezo ya kompyuta na hadithi za kubuni, ufalme wa moto una sura inayofahamika. Jumba la mfalme limesimama ndani ya kasoko ya volkano, lava inachemka chini ya madirisha, na kutoka lango kuu hadi ukumbi wa enzi kuna daraja la mawe linalokatiza juu ya ziwa jekundu. Wajumbe huvuka na majoho yao, huzungumza na mfalme, kisha hurudi walikotoka. Hatari inayochorwa hapo ni moja tu: kuteleza na kutumbukia.

Wengi wetu tunaikubali picha hiyo kwa sababu tumezoea kudhani kwamba lava humdhuru mtu inapomgusa. Wengine huongeza kwamba hewa iliyo juu yake nayo ni ya moto, hivyo mfalme akiweka feni nzuri, au madirisha yakielekea upepo, mambo yatakuwa sawa. Dhana zote mbili zinaacha nje njia kuu ambayo kitu chenye joto la kiwango hicho hutumia kuunguza. Lava haihitaji kukugusa, wala haihitaji hewa iwe mjumbe wake. Inatosha iwe inaonekana kutoka pale uliposimama.

Kumbuka ulipoota moto mkubwa usiku wa baridi. Uso unaungua, mgongo unatetemeka. Hewa iliyo mbele yako na iliyo nyuma yako karibu ni ileile, maana hewa iliyopashwa na moto inapaa juu na kuacha nafasi kwa hewa baridi inayoingia kutoka pembeni. Kinachoupiga uso ni mnururisho: nishati inayotoka kwenye makaa kwa mwendo wa mwanga na kunyooka kama mwanga. Mtu akipita kati yako na moto, ubaridi unausikia papo hapo; akiondoka, joto linarudi papo hapo. Ukirudi nyuma hatua chache nafuu ni kubwa, kwa sababu moto sasa unachukua sehemu ndogo ya kile unachokiona mbele yako. Hilo la mwisho ndilo la kushika: joto linalokufikia hutegemea moto una joto kiasi gani, na umejaza sehemu gani ya mandhari yako.

Sasa tuukuze moto huo uwe ziwa. Lava ya basalti, ile inayotiririka kwa urahisi, huwa na joto la takriban nyuzi 1,100 za Selsiasi. Kitu cheusi, yaani kinachomwaga mnururisho wote unaowezekana, kikiwa na joto hilo humwaga karibu kilowati 200 kwa kila mita ya mraba. Jua kali la mchana, anga ikiwa safi, hutuletea kama kilowati 1. Kwa hiyo mjumbe aliye katikati ya daraja, ambaye kila anakotazama chini anaona ziwa, angepokea upande wa chini wa mwili wake kitu kinachokaribia majua 200. Ngozi huanza kuuma vibaya chini ya nusu dakika ikipigwa na kilowati 5. Mbao kavu huweza kushika moto kwa kilowati 12 au 13 zikipata cheche. Majoho yangewaka kabla mvaaji hajafika katikati ya daraja.

Hesabu hiyo ni ya ziwa lililo wazi kabisa, na ziwa la namna hiyo ni nadra. Lava ikikutana na hewa huota gamba jeusi linalopoa haraka, na wekundu hubaki kwenye nyufa na pale linapochemka. Gamba hilo halipitishi joto kwa wepesi. Baada ya mlipuko wa mwaka 1959 huko Kilauea Iki, Hawaii, wanasayansi walitembea juu ya gamba la ziwa la lava na kulitoboa kwa mitambo, huku mawe yakiwa bado yameyeyuka chini ya miguu yao. Kwa hiyo jumba lililo kando ya ziwa lenye gamba nene lina nafuu kubwa. Ila hilo si ziwa linalochorwa katika hadithi. Wachoraji wanataka lile linalong'aa.

Je, kuta za mawe si zingewalinda? Zingewalinda watu, kwa muda. Ukuta uliosimama wima ukingoni kabisa, mbele ya ziwa pana linalong'aa, nusu ya unachokiona ni lava na nusu ni anga, kwa hiyo unapokea kama kilowati 100 kwa kila mita ya mraba. Upepo usipoupoza, uso wake unaweza kupita nyuzi 800. Matale, yaani mawe ya graniti, yana chembe za kwatzi, na kwatzi ikifika nyuzi 573 hubadili mpangilio wake wa ndani na kuvimba ghafla, jiwe likapasuka. Mawe ya chokaa na marumaru, yakikaa muda mrefu kwenye joto linalokaribia nyuzi 900, hugeuka kuwa chokaa ya unga. Jumba jeupe la marumaru kando ya lava ni tanuri la chokaa. Basalti ingestahimili zaidi, nayo ndiyo lava iliyoganda.

Kuna volkano moja ambayo ingempa mfalme huyu unafuu wa kweli, nayo iko Tanzania. Ol Doinyo Lengai hutoa lava ya kabonati yenye sodiamu nyingi, ambayo joto lake ni kati ya nyuzi 500 na 600 tu. Mchana inaonekana nyeusi kama oili chafu, na ikikaa hewani hugeuka nyeupe. Mnururisho hufuata kipeo cha nne cha joto halisi, yaani joto linalohesabiwa kuanzia nyuzi 273 chini ya sifuri. Ndiyo maana lava ya nyuzi 580 hutoa kama kilowati 30 badala ya 200. Joto la kipimajoto limeshuka kwa karibu nusu, lakini mnururisho umebaki chini ya moja ya sita. Bado mjumbe asingevuka salama, ila ukuta wa matale ungedumu. Tatizo ni la mchoraji: mchana, jumba la moto lingezungukwa na tope jeusi.

Hata mfalme akijenga ukuta mnene wa basalti na kuwanyima watu wake madirisha, inabaki gesi. Volkano hupumua salfa dayoksaidi, inayochoma macho na koo, na kaboni dayoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Hii ya pili ni nzito kuliko hewa kwa karibu mara moja na nusu, hivyo hutiririka kwenda chini na kutuama kwenye mabonde. Karibu na Goma na ufuoni mwa kaskazini mwa Ziwa Kivu, mashimo yenye gesi hiyo huitwa mazuku, na yamewaua watu na wanyama walioingia humo, hasa upepo unapotulia. Hewa ikiwa na kaboni dayoksaidi zaidi ya asilimia 10, mtu huzimia ndani ya dakika chache. Kasoko ni bakuli, na jumba lililo ndani yake liko kwenye sakafu ya bakuli. Wa kwanza kufa wangekuwa wafungwa walio kwenye mahandaki, kisha walinzi wao, pengine usiku mmoja tulivu ambao ziwa lenyewe limetulia.

Kwa hiyo anayetaka kulichora jumba linalowezekana alipandishe ukingoni mwa kasoko, upande upepo unakotoka, na alisogeze nyuma kidogo hadi mdomo wa kasoko wenyewe uwe ngao: lava isipoonekana kutoka dirishani, mnururisho wake haufiki. Mpangilio unaofanana na huo upo. Katika kisiwa cha Aogashima, Japani, ambako mlipuko wa mwaka 1785 uliua zaidi ya watu 100 na kukiacha kisiwa bila wakazi kwa miongo kadhaa, makazi mengi ya leo yako kaskazini, nje ya ukingo wa kaldera, yaani kasoko pana ya volkano. Ndani ya kaldera watu hushuka kupikia mvuke unaotoka ardhini na kuoga kwenye chumba kinachopashwa na mvuke huo, kisha wengi wao hupanda kurudi nyumbani.